Mkono mzima, mpira haufiki

*Mrushaji mwenye kipaji anaamka siku moja hawezi tena kuufikisha mpira mahali alipoufikisha maelfu ya mara. Madaktari hawaoni jeraha. Besiboli ya Marekani imeishi na tatizo hili kwa zaidi ya nusu karne, na bado haijakubaliana ni la kichwa, la mishipa ya fahamu au la moyo mdogo.*

Uwanja wa Busch, St. Louis, Oktoba 3, 2000. Kwenye kituta cha mrushaji amesimama kijana wa miaka 21, Rick Ankiel, anayetajwa kuwa kipaji kikubwa kuliko vyote vya rika lake. Timu yake, Cardinals, imewafunga Atlanta Braves alama sita katika zamu ya kwanza tu ya mchezo huu wa mtoano. Zamu mbili za mwanzo kijana amezimaliza bila kuruhusu alama hata moja.

Katika zamu ya tatu mpira mmoja unamponyoka na kumpita mdakaji wake. Si ajabu, huwatokea warushaji wote. Unafuata wa pili, kisha wa tatu. Kabla kocha Tony La Russa hajamtoa, Ankiel alikuwa amepoteza mipira mitano ya namna hiyo ndani ya zamu moja, jambo ambalo ligi kuu haikuwa imelishuhudia tangu mwaka 1890.

Cardinals walishinda 7-5, kwa hiyo usiku ule ungeweza kusahaulika. Haukusahaulika. Wiki iliyofuata, dhidi ya New York Mets, Ankiel alirusha mipira 20 tu akatolewa. Mwaka 2001 aliteremshwa ligi ndogo, na huko, katika zamu zisizofika tano, aliwapa wapigaji 17 kituo cha bure na kupoteza mipira 12. Bega lilikuwa zima, kiwiko kilikuwa kizima. Baadaye alikiri hadharani kwamba kabla ya mchezo mmoja wa 2001 alikunywa vodka ili mkono utulie.

Mchezo wenye nafasi ya kuwaza

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye bamba la nyumbani, anakosimama mpigaji mwenye gongo. Anatakiwa apitishe mpira juu ya bamba lile, kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Akikosa mara nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Nyuma ya bamba amechuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji yupo mwamuzi.

Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika kwa mpigaji katika takriban sekunde 0.4. Kulizungusha gongo peke yake kunakula karibu sekunde 0.15. Mpigaji, basi, hana muda wa kuwaza; akiwaza, mpira umeshapita. Mwenye muda ni mrushaji. Anaushika mpira, anatazama ishara za vidole vya mdakaji, anapumua, na uwanja mzima unamsubiri yeye aanze. Mchezaji wa soka hukutana na hali hiyo akiwa mbele ya penalti, labda mara chache kwa msimu. Mrushaji anayeanza mchezo hukutana nayo mara 90 au 100 kwa siku moja.

Juu ya hapo, besiboli ni mchezo wa kushindwa kwa mujibu wa hesabu. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu kati ya kumi ni nyota, na mara saba zilizobaki hurudi benchi kichwa chini. Msimu wa kawaida una michezo 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku, kwa hiyo aliyeboronga Jumanne hana wiki ya kujiuguza. Jumatano anaitwa tena. Ukame wa mpigaji, hata ukidumu mwezi, huchukuliwa kama mvua za msimu: utakuja na utaondoka. Kinachowatisha wachezaji ni kile kisichoondoka, ambacho katika gofu na besiboli huitwa yipsi.

> Mchezaji wa soka hukutana na penalti mara chache kwa msimu. Mrushaji hukutana nayo mara 90 kwa siku.

Blass na misimu yake miwili

Kabla ya Ankiel, mfano uliotajwa daima ulikuwa Steve Blass wa Pittsburgh Pirates. Mwaka 1971 Blass aliwafunga Baltimore Orioles mara mbili katika World Series, ukiwemo mchezo wa saba ulioamua ubingwa. Msimu wa 1972 alishinda michezo 19 na kupoteza minane, akachaguliwa kwenye timu ya nyota.

Takwimu za misimu miwili zinaeleza kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1972 Blass aliwapa wapigaji 84 kituo cha bure katika zamu karibu 250. Mwaka 1973 idadi ilikuwa ileile, 84, lakini safari hii katika zamu zisizofika 90. Mwaka 1974 alicheza mchezo mmoja tu wa ligi kuu. Mwanzoni mwa 1975 alitundika glavu, akiwa hajatimiza miaka 33.

Watu walitafuta sababu. Wapo walioihusisha na msiba wa mwenzake Roberto Clemente, aliyefariki katika ajali ya ndege Desemba 31, 1972, akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nicaragua. Blass mwenyewe hakuikubali sababu hiyo. Alijaribu hipnosi, alijaribu tafakuri, alionana na wataalamu wa nafsi. Akiwa peke yake na mdakaji, bila mpigaji mbele yake, alirusha vizuri kama zamani. Akisimama mpigaji, mpira ulikwenda unakotaka.

Nadharia yoyote ya tatizo hili inabidi ikieleze kisa hicho: mkono uleule, umbali uleule, mpira uleule, na tofauti ni mtu mmoja kusimama pembeni ya bamba.

Karibu ndipo pagumu

Tatizo haliwashiki warushaji peke yao, na likiwashika wengine linaonyesha tabia ya ajabu: mara nyingi linaharibu kazi nyepesi na kuiacha nzito.

Mackey Sasser alikuwa mdakaji wa New York Mets. Kazi nzito ya mdakaji ni kumzuia mkimbiaji anayeiba kituo cha pili: lazima ainuke, ageuke na kuufyatua mpira zaidi ya mita 38 kabla mkimbiaji hajafika. Hiyo Sasser aliiweza. Asichokiweza ni kumrudishia mrushaji wake mpira, jambo ambalo watoto hulifanya uani bila kulifikiria. Baada ya kugongana na mkimbiaji kwenye bamba la nyumbani mwaka 1990, hali ilizidi. Alikuwa akiinua mkono, anasita, anaupigapiga mpira kwenye glavu mara mbili, tatu, nne, kisha anaurusha kama puto. Wakimbiaji wa timu pinzani walianza kuutumia muda huo kuiba vituo, na mashabiki wakawa wanahesabu kwa sauti kila anaposita.

Chuck Knoblauch alipata kisa kinachofanana. Akiwa Minnesota Twins mwaka 1997 alishinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi bora, katika nafasi ya kituo cha pili. Alipohamia New York Yankees, kumrushia mwenzake wa kituo cha kwanza, umbali mfupi kabisa kwa mchezaji wa daraja lake, kukawa shida. Mwaka 1999 alifanya makosa 26. Juni 2000 mpira wake ulimpita mwenzake, ukaingia jukwaani na kumpiga usoni mtazamaji mmoja, aliyekuja kujulikana kuwa mama wa mtangazaji Keith Olbermann. Mwaka uliofuata klabu ilimpeleka uwanda wa kushoto, mbali na kituo cha kwanza, ambako mirusho ni mirefu zaidi na macho ni machache.

Ankiel naye alithibitisha jambo hilohilo kwa namna ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni. Mwaka 2005 aliachana na kurusha, akaanza upya kama mpigaji na mchezaji wa uwanda wa nje. Agosti 9, 2007 alirudi St. Louis na siku hiyohiyo akaupiga mpira ukavuka uzio. Mei 2008, mjini Denver, aliwakamata wakimbiaji wawili katika mchezo mmoja kwa mirusho iliyotoka kina cha uwanja hadi kituo cha tatu, umbali unaokaribia mara tano ya ule uliomshinda alipokuwa kwenye kituta. Mpira ulifika mkononi mwa mwenzake bila kugusa nyasi.

Kichwa au mishipa?

Maelezo yenye wafuasi wengi katika saikolojia ya michezo yanahusu umakini uliokosea mahali. Mchezaji hodari hafikirii kiwiko kiko wapi, mwili umeshakariri. Presha ikimfanya aanze kujisimamia hatua kwa hatua, anairudisha kazi kwenye sehemu ya akili iliyo polepole, na mtiririko unakatika. Mwanasaikolojia Sian Beilock amelifanyia kazi suala hili kwa miaka mingi, akianzia na wachezaji wa gofu.

Mtafiti Rob Gray alilipima kwa wapigaji wa besiboli katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004. Wapigaji walipiga mipira ya kwenye skrini huku wakisikia mlio. Wakati mwingine walitakiwa kusema mlio ni wa juu au wa chini. Wakati mwingine waseme gongo lao lilikuwa linapanda au linashuka mlio ulipolia. Hodari waliopewa swali la gongo waliharibikiwa. Wanagenzi hawakuharibikiwa, kwa sababu wao bado wanajisimamia hatua kwa hatua, na hiyo ndiyo njia yao ya kujifunza.

Nadharia hii inamweleza vizuri Sasser. Mrusho wa kumzuia mwizi wa kituo hauna muda wa kujikagua. Mrusho wa kumrudishia mwenzako mpira una muda tele. Inamweleza na Ankiel wa Denver.

Upande wa pili ni wa madaktari wa mishipa ya fahamu. Wanaufahamu ugonjwa wa distonia, ambao misuli hujikaza yenyewe katika kazi moja mahsusi. Mwandishi anashindwa kushika kalamu lakini anaweza kushika kijiko. Mpiga piano vidole vinajikunja akigusa piano tu. Watafiti wa Mayo Clinic waliochunguza wachezaji wa gofu walipendekeza kwamba yipsi ni mstari wenye ncha mbili, distonia huku na hofu ya kushindwa kule, na kila mgonjwa ana mahali pake kati ya ncha hizo. Kwa waliokaa upande wa distonia, kuambiwa watulie na wajiamini ni sawa na kuambiwa wapone.

Kuna na kundi la tatu, linaloona majeraha ya zamani ya mwili na nafsi yaliyohifadhiwa ndani ya mwendo. Tabibu David Grand wa New York alimtibu Sasser kwa mtazamo huo miaka mingi baada ya kustaafu, akirudi kwenye ajali na misiba ya utotoni. Sasser alisema alinufaika. Ushahidi wa kisayansi wa njia hiyo bado ni mwembamba, na simulizi ya mgonjwa mmoja, hata akiwa mkweli, haitoshi kuujenga.

Ugumu wa ugomvi huu ni kwamba hofu huizidisha distonia, na distonia huzaa hofu. Mchezaji anapofika kwa mtaalamu, vyote viwili vimeshaota mizizi, na swali la kipi kilitangulia linakuwa la kitabuni zaidi kuliko la tiba. Ila kwenye mkataba si la kitabuni hata kidogo.

> Kwa mwenye distonia, kuambiwa ajiamini ni sawa na kuambiwa apone.

Mwalimu aliyevaa jezi

Klabu hazikuwahi kuwa na haraka ya kuwasikiliza wataalamu wa akili. Mwaka 1921 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Columbia walimpima Babe Ruth macho, masikio na wepesi wa mikono, na magazeti yakafurahia, lakini ilikuwa burudani zaidi ya kazi. Mwaka 1938 mmiliki wa Chicago Cubs, Philip Wrigley, alimwajiri mwanasaikolojia Coleman Griffith. Kocha Charlie Grimm hakumtaka, wachezaji wakafuata upepo wa kocha, na ripoti za Griffith hazikubadili kitu. Jimmy Piersall wa Boston Red Sox alipougua akili mwaka 1952 na kulazwa, alirudi uwanjani akazomewa kwa ugonjwa wake kwa miaka.

Aliyefungua mlango hakuwa daktari. Harvey Dorfman alikuwa mwalimu wa shule aliyejiunga na Oakland Athletics mwaka 1984, na pengine ndiyo sababu alifanikiwa: alivaa jezi ya timu, akakaa benchi na wachezaji, akatafuna mbegu za alizeti kama wao. Hakuwauliza kuhusu utoto wao labda waanze wenyewe. Aliwauliza walikuwa wanafikiria nini sekunde mbili kabla ya kurusha, na jibu likiwa chochote zaidi ya shabaha, kazi ilianzia hapo. Kitabu alichoandika na Karl Kuehl mwaka 1989 kilienea kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, na Ankiel ni miongoni mwa waliomtegemea kama baba.

Mwenzake wa zama hizo, Ken Ravizza wa Chuo Kikuu cha California State Fullerton, alipenda vitu vya kushikika. Alimfundisha mchezaji kuchagua kitu kimoja uwanjani, kwa mfano nguzo ya mpaka, na kukitazama kila akili inapoyumba, kisha apumue na arudi kazini. Kwenye benchi la timu ya chuo hicho kulikuwa na choo kidogo cha kuchezea: mchezaji aliyeharibu alikwenda kuvuta maji, kosa likaondoka nalo. Wachezaji wazima walikipangia foleni, na mwaka 2004 Fullerton walitwaa ubingwa wa vyuo vikuu. Choo hakikupiga mpira hata mmoja, bila shaka, lakini kiliwapa njia ya kulimaliza jambo bila kulizungumza, ambayo wanamichezo wengi huipenda kuliko kochi la mshauri.

Ni majeruhi au si majeruhi?

Zack Greinke wa Kansas City Royals aliondoka kambini mwaka 2006 kwa sababu ya sonona na hofu ya watu, akifikiria kuacha mchezo moja kwa moja. Mwaka 2009 alishinda tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Mwaka huohuo Joey Votto wa Cincinnati Reds, akiwa na msiba wa baba yake, aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa hofu na huzuni, na Dontrelle Willis wa Detroit Tigers naye aliwekwa humo kwa tatizo la wasiwasi.

Hapo mjadala ukahama kutoka kliniki hadi ofisi ya mhasibu. Mchezaji aliye kwenye orodha ya majeruhi huendelea kulipwa mshahara wa ligi kuu na siku zake za utumishi huhesabiwa. Anayeshushwa kwa kupoteza fomu anaweza kuangukia mshahara wa chini kabisa. Kwa viwango vya 2023, kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 720,000 kwa msimu. Mchezaji wa kawaida wa daraja la juu la ligi ndogo alilipwa dola 35,800 kwa mwaka.

Wapo waliohoji kama klabu zingeitumia orodha hiyo kumficha mchezaji aliyeshuka kiwango badala ya kumwacha. Hoja ina uzito, lakini inasahau kwamba misuli ya paja "inayouma" imekuwa ikitumika kwa kazi hiyohiyo tangu zamani bila kelele. Upande wa wachezaji una hofu yake: mwanasaikolojia anayelipwa na klabu, anayekula na meneja, siri zake ni za nani? Mazungumzo ya Jumatatu yakifika mezani wakati wa kujadili mkataba, mchezaji atajifunza kunyamaza. Kwa sababu hiyo wakala Scott Boras alianzisha huduma yake ya ushauri nje ya klabu, na Dorfman mwenyewe akaenda kumfanyia kazi. Wakala naye ana maslahi, lakini angalau yako upande mmoja na ya mchezaji.

Tangu 2023 kuna jambo jipya: saa. Mrushaji ana sekunde 15 kuanza mrusho kama vituo ni vitupu. Kukiwa na mkimbiaji zilikuwa 20, zikapunguzwa hadi 18 mwaka 2024. Wastani wa mchezo ulishuka kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40 katika msimu wa kwanza. Kuna wanaosema saa imempunguzia mrushaji muda wa kujitesa. Kwa mzima, huenda. Kwa aliyeanza kuyumba, pumzi ndefu na macho kwenye nguzo ndiyo dawa aliyofundishwa, na dawa hiyo sasa ina kikomo cha muda.

Wanaoishi nalo

Steve Sax wa Los Angeles Dodgers alifanya makosa 30 mwaka 1983, mengi yakiwa mirusho mifupi ya kituo cha kwanza, kisha tatizo likamtoka na akacheza miaka mingine kumi. Visa kama chake vipo, ila si vingi.

Jon Lester hakupona, alizunguka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hodari wa kurusha kwa mpigaji na haukuweza kurusha kituo cha kwanza kumrudisha mkimbiaji. Msimu mzima wa 2014 hakujaribu hata mara moja. Chicago Cubs walilijua hilo, wakamlipa dola milioni 155 kwa miaka sita. Mdakaji David Ross akapewa kazi ya kuwadhibiti wakimbiaji badala yake, mrushaji akaharakisha mwendo wake, na alipolazimika kurusha kituo cha kwanza aliudundisha mpira chini makusudi. Mwaka 2016 Cubs walitwaa World Series yao ya kwanza tangu 1908. Kwa kanuni za sasa, zinazohesabu mara ambazo mrushaji anaweza kumgeukia mkimbiaji, ujanja ule ungekuwa mgumu zaidi.

Daniel Bard amepita kila kituo cha safari hii. Alikuwa mrushaji wa kutegemewa wa Boston Red Sox, akapoteza shabaha mwaka 2012, akahangaika ligi ndogo kwa miaka, akastaafu 2017. Arizona Diamondbacks wakamwajiri kuwashauri vijana wenye matatizo kama yake. Akirushiana mpira na vijana hao, akagundua mkono umerudi. Mwaka 2020 alichezea Colorado Rockies na kutunukiwa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri zaidi, na 2022 akasaini mkataba wa dola milioni 19 kwa miaka miwili.

Machi 2023, katika World Baseball Classic, mashindano ya mataifa, mpira wake ulimvunja kidole gumba José Altuve wa Venezuela. Msimu ulipoanza, Rockies walimweka kwenye orodha ya majeruhi na kutaja sababu waziwazi: wasiwasi. Alirudi uwanjani kabla ya mwezi wa Aprili kwisha. Mwaka 2024 hakucheza kabisa, na safari hiyo aliingia kwenye orodha bila mjadala wowote: goti kwanza, kisha mkono.